Ubeti Usio na Mwimbaji

"Pisha! Dada, pisha, mzigo!"

Dada hakupisha. Alikuwa amesimama juu ya kreti la soda katikati ya njia ya wauza vitunguu, simu mkono mmoja, mkono wa pili ukipima hewa kama wa mshonaji anayempima mteja. Alivaa gauni la njano la mikono mifupi na viatu vyeupe vya raba ambavyo tope la soko lilishaanza kuvionja. Miwani ya jua ameipandisha kichwani kuzuia nywele. Alikuwa anaona jukwaa mahali ambapo watu wengine wote waliona magunia, na mtu akishaona jukwaa hasikii tena habari za mzigo.

Spika ikamgusa mgongoni, kreti likayumba, dada akashuka bila hiari yake. Chini palikuwa na fungu la nyanya.

"Mungu wangu, nyanya zangu!" akalia mwenye nyanya.

Aliyebeba spika akaitua taratibu, akajifuta jasho. Alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, amevaa shati la bluu lililofuliwa mpaka rangi imechoka, na bisibisi zimejaa kwenye mfuko wa kifuani ambapo wengine huweka kalamu.

"Nimesema pisha mara ngapi?"

"Na mimi nimesema ngoja nimalize kupima mara ngapi?"

"Hujasema kitu, dada."

"Nimesema moyoni."

"Aa. Spika zangu hazijafika huko."

Mwenye nyanya alicheka kwanza, ndipo akakumbuka kudai. Wakamlipa kwa kuchangiana, kila mmoja akapewa mfuko wa nyanya zilizopondeka, wakabaki wanatazamana kama watu waliotoka sokoni pamoja.

"Wewe ndiye yule wa burudani," akasema mwanamume.

"Ndiye mimi. Na wewe?"

"Mimi ni wa spika. Wewe na spika yangu mmeshajuana."

Sokoni pale jina la nyumbani halikuwa na kazi. Mtu aliitwa kwa anachokiuza au anachokitengeneza. Yule bwana alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio na spika, basi alikuwa Fundi. Mwenyekiti wa kamati ya soko, mama mnene muuza mchele ambaye mizani yake haikuwahi kumpunja mtu tangu ujana wake, alikuwa Mama Mizani. Na huyu wa gauni la njano, kwa sababu alitembea siku nzima akiuliza watu watapanda jukwaani saa ngapi, kabla jua halijazama alikuwa ameshaitwa Ratiba.

Kilichomleta pale ni shida. Ng'ambo ya barabara kubwa ilikuwa imefunguliwa supamaketi yenye kiyoyozi na milango inayojifungua yenyewe, na wateja, kama mnavyowajua wateja, walihamia kwenye baridi. Kamati ikaamua kila Jumamosi mchana soko liwe na burudani: muziki, sarakasi, mashairi, wachoraji, watu waje kuangalia waondoke na vitunguu. Wakamtafuta mtu wa kupanga. Ratiba alikuwa amezoea kupanga harusi, na sifa yake ilikuwa moja: shughuli zake hazikuwahi kupoa. Mshehereshaji akikwama yeye alikuwa ameshashika maiki. Keki ikichelewa yeye alikuwa ameshapandisha mashangazi wacheze.

"Ukimya ni mwizi," alizoea kusema. "Ukimwachia mlango tu, anaondoka na watu wote."

Jioni hiyo simu yake ikaita.

"Haloo. Nyanya zako zinakusalimu."

"Nani kakupa namba yangu?"

"Umeibandika mwenyewe kwenye kila nguzo ya soko. Hata wauza samaki wanayo."

"Basi ngoja niwapigie wao. Labda wana adabu ya kupisha watu."

"Dada Ratiba, usiku mwema. Kesho nitakuonyesha mahali ambapo sauti inakaa."

Akamwonyesha. Chini ya paa kubwa la bati, pale njia ya mchele inapokutana na njia ya vitambaa, palikuwa na uwazi ambao hakuna aliyeweka meza. Fundi alipiga kofi moja. Sauti ikapanda batini, ikashuka upande wa pili, ikatulia.

"Mahali pazuri hivi hakuna anayefanyia biashara?"

"Hapana," Fundi alisema, akainama kufungua nyaya. "Pamezoeleka kuwa wazi."

Alikuwa amebeba stendi ya maiki ya zamani. Akaisimamisha katikati, fupi, inamfikia yeye kifuani. Ratiba akaipandisha. Fundi akaishusha.

"Nani anaimba kwa urefu huu? Mtoto?"

"Iache hivyohivyo."

Alisema kwa upole, lakini Ratiba akaondoa mkono. Chuma kilikuwa cha baridi, na siku ile joto lilikuwa la kukaanga mayai.

Mapenzi yao hayakupiga hodi. Yaliingia na kazi. Asubuhi walizunguka kutafuta vipaji, na soko likawafungulia vifua. Fundi viatu mmoja alipiga filimbi kwa pua. Muuza mkaa alikuwa na mashairi mengi kuliko magunia. Mchoraji wa mabango aliomba apewe ukuta wa choo, akidai ndio ukuta pekee ambao kila mteja lazima auone. Mchana walikunywa chai kibandani kwa Fundi, katikati ya redio zilizofunguliwa matumbo, yeye akichomelea waya huku Ratiba akibadilisha saa za watu. Jioni ilikuwa simu.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula kwa mawazo."

"Mawazo ya nani tena, Fundi?"

"Ya mtu mmoja hivi, ana gauni la njano, hajui kushuka kwenye kreti."

Usiku mmoja, kicheko kilipoisha, Fundi alinyamaza kidogo kwenye simu. Ratiba akafungua mdomo haraka kuuziba ukimya ule, lakini yeye akamtangulia.

"Nilikuwa na mke. Alifariki."

"Pole sana, Fundi. Pole."

"Nimeshapoa."

Neno hilo watu hulisema upesi, kama mtu anayerudisha chenji. Ratiba hakuuliza zaidi. Alilelewa na bibi aliyemfundisha kwamba msiba wa mtu haufunuliwi na mgeni, unafunuliwa na mwenyewe. Ni malezi mazuri. Siku nyingine malezi mazuri humponza mtu.

Maana kulikuwa na jambo ambalo soko zima lililijua na yeye hakulijua, na kila mtu aliamini mwingine ameshamwambia. Mama Mizani aliamini Fundi amesema. Wanabendi waliamini Mama Mizani amesema. Fundi alikuwa anajiambia kila asubuhi kwamba leo atasema, halafu anamwona anakuja na viatu vyake vilivyochafuka, anacheka, na siku inapita.

Bendi ya soko, ambayo kwa miaka ilikuwa ikipiga pale siku za sikukuu, ilikuwa ya kufungia shughuli. Mchinjaji alipiga ngoma, mshona suruali alipiga besi, Fundi gitaa, na muuza kofia aliimba. Nyimbo zote walizifanyia mazoezi, isipokuwa wa mwisho.

"Na huu?" Ratiba aliuliza.

"Huu hatuufanyii mazoezi," alisema mchinjaji, akimtazama Fundi. "Tunaujua."

"Una dakika ngapi?"

"Unaisha unapoisha, dada yangu."

Jumamosi ya kwanza soko lilijaa mpaka paka walikosa pa kupita. Wanasarakasi walipandana mabegani hadi wa juu akashika bati. Muuza mkaa alisoma shairi kuhusu mke wake na jiko, mke mwenyewe akamrushia kitambaa kutoka nyuma. Ukuta wa choo ulipata machweo ya ajabu. Supamaketi, watu walisema, milango yake ilijifungua siku nzima kwa ajili ya upepo. Ratiba, kwenye suruali nyeupe na blauzi ya kijani, alikuwa kila mahali, na kila akipita karibu na jukwaa Fundi alimkonyeza bila kukosa noti.

Ukafika wimbo wa mwisho. Ulikuwa mtamu, wa polepole. Muuza kofia akaimba ubeti wa kwanza, akaimba wa pili, watu wakiitikia. Kisha akarudi nyuma, akavua kofia.

Gitaa likashuka. Mchinjaji akaacha fimbo, akawa anaigusa ngoma kwa vidole. Maiki ile fupi ilisimama katikati peke yake. Soko lote likanyamaza. Muuza samaki alishika kisu hewani hakukata. Wanawake wakainamisha vichwa.

Ratiba akaona kitu kimoja tu: mwimbaji amesahau maneno, na mwizi yuko mlangoni.

Akaruka jukwaani, akainama kwenye maiki fupi.

"Makofi kwa bendi yetu, jamani! Makofi! Na wapendwa wateja, msiondoke mikono mitupu, vitunguu leo ni vya kumwaga, nyanya ni..."

Hakuna aliyepiga kofi. Sauti yake ikapanda batini, ikashuka upande wa pili. Aliona Mama Mizani ameweka kiganja mdomoni. Aliona mshona suruali amefumba macho. Akageuka kwa Fundi. Fundi alikuwa anamtazama kwa uso ambao hakuwahi kuuona, uliopauka kwa mshtuko. Akavua gitaa shingoni, akalilaza chini kama mtoto mgonjwa, akapita njia ya samaki, akaenda zake.

"Nimefanya nini?" Ratiba aliuliza. Maiki ilikuwa bado wazi, soko lote likasikia.

Mama Mizani akaja akamshika mkono, akamkalisha kwenye gunia la mchele.

"Mwanangu, hakukwambia?"

"Kuniambia nini, mama?"

"Umemkata kauli marehemu."

"Marehemu gani?"

"Mke wa Fundi. Tulikuwa tunamwita Chiriku. Aliuza vifungo na uzi pale pale mlipoweka jukwaa, na ubeti wa tatu ulikuwa wake. Tangu alipokufa hakuna aliyeuimba. Tunamwachia nafasi yake, anaimba mwenyewe."

"Anaimba mwenyewe?"

"Sisi tunamsikia," alisema Mama Mizani, kwa sauti ileile ambayo angesema mchele umepanda bei. "Si kila siku kwa ubora. Mwaka jana siku moja alikuwa na mafua."

Ratiba alitaka kucheka, badala yake akatoa simu.

Alimpigia Fundi. Simu ikaita mpaka ikakata. Alimwandikia: *Nisamehe, sikujua.* Akafuta, akaandika: *Fundi, mimi si mtu wa kudharau marehemu.* Akatuma. Kimya. Asubuhi alikuta kibanda kimefungwa, mchana kimefunguliwa, lakini yeye alipotokea njia ya vitambaa Fundi alikuwa ameshakumbuka mzigo wa kufuata mahali. Jumamosi iliyofuata spika zilikuwa zimeshafungwa kabla Ratiba hajafika, nyaya zimepangwa vizuri, na bendi haikupiga wimbo wa mwisho. Mchinjaji alisema Fundi anaumwa kidole. Watu wakaondoka mapema.

Ukimya ule Ratiba hakuwa na keki wala mashangazi wa kuuziba nao. Alilia akiosha vyombo. Aliona wivu, na akajiona mjinga kuliko wajinga wote, maana ukimwonea wivu mwanamke aliye hai unaweza walau kumsema nywele zake. Huyu alikuwa hana kasoro. Huyu hata mafua yake yalikumbukwa kwa upendo.

Aliamua kuacha kazi. Alikwenda sokoni asubuhi, kabla meza hazijafunguliwa, kukusanya vitu vyake, na kwa mazoea tu akawasha spika ajaribu maiki. Hakusema kitu. Alikuwa bado anakunja karatasi zake, amesimama mbali kidogo.

Kwenye spika mtu akavuta pumzi.

Si mkwaruzo. Ilikuwa pumzi ya mwanamke, ndefu, ya mtu anayejiandaa, na mwishoni mate yakamezwa. Ratiba akageuka. Njia ya mchele ilikuwa tupu. Njia ya vitambaa ilikuwa tupu. Maiki ilisimama kwenye urefu wake.

Akazima. Akakaa ukingoni mwa jukwaa akiitazama maiki. Mama Mizani alipofika akamkuta hapohapo.

"Una nini, mwanangu?"

"Spika zinakwaruza, mama. Mwite Fundi."

Fundi hakuweza kumkatalia Mama Mizani. Alikuja na kisanduku cha vyombo, akamsalimia Ratiba akitazama waya.

"Zinakwaruza vipi?"

"Zinakwaruza tu."

Akafungua, akapima, akawasha, akasikiliza. Alikuwa amekonda. Vidole vyote, Ratiba aliona, vilikuwa vizima.

"Hazina tatizo," alisema. "Zinafanya kazi."

"Fundi, niangalie."

Akamwangalia.

"Kama unanichukia sema unanichukia. Nimemtukana mkeo mbele ya watu. Sikujua, lakini nimefanya. Nitukane na wewe, tumalize, niende zangu."

"Unaenda wapi?"

"Kwenye harusi za watu."

Fundi akaketi ukingoni mwa jukwaa. Akatoa bisibisi mfukoni, akairudisha. Alipoanza kusema alisema chini sana, ikabidi Ratiba asogee.

"Sikuondoka kwa sababu yake. Sikiliza. Kila mtu hapa anamsikia. Mama Mizani anamsikia. Mchinjaji anamsikia, analia hadharani, mtu mzima na mapanga yake. Wananijia wanasema, Fundi, leo mkeo kaimba. Mimi ninajibu, ndiyo, kaimba."

"Na?"

"Sijawahi kumsikia. Hata mara moja. Mimi mume wake. Mimi mwenye masikio ya kazi, nasikia spika inayotaka kufa wiki moja kabla. Miaka yote nimesimama pale napiga gitaa, nasikiliza, nasubiri. Hakuna kitu."

Ratiba akakaa kando yake.

"Halafu siku ile," Fundi akaendelea, "ubeti ukaanza, nimesikiliza kama kawaida, na ghafla nikasikia sauti ya mwanamke kwenye maiki yake. Moyo ukaruka. Nikainua macho. Ulikuwa wewe, unauza vitunguu."

"Jamani, Fundi..."

"Na nikafurahi. Unanielewa? Sikukasirika. Nilifurahi kuwa ni wewe. Ndiyo maana nikakimbia. Mtu gani anasubiri mke wake, anakuja mwingine, anafurahi?"

Aliinamisha kichwa. Ratiba aliweka kiganja kwenye mgongo wa shati lile lililochoka, na hakuna aliyesema neno, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi hakuona haja ya kusema.

"Nakupenda," Fundi alisema hatimaye, akitazama chini. "Nataka kukuoa. Lakini siwezi kukuingiza nyumbani huku sikio langu moja liko hapa. Nisaidie kitu kimoja. Jumamosi tutapiga ule wimbo. Simama karibu yangu, usikilize. Wenzangu walimpenda, labda wanajisikilizia hamu yao. Wewe hukumjua. Huna sababu ya kumsikia. Ukiniambia hakuna kitu, nitaamini, nitaacha kusubiri."

"Na nikisikia?"

"Basi yupo. Na kama yupo nitaendelea kusubiri mpaka anisemeshe na mimi. Siwezi kuoa huku mtu ananiita mlangoni, nisimsikie kwa kosa la masikio yangu tu."

Ratiba alikumbuka pumzi ya asubuhi.

"Nitasikiliza," alisema.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Walipigiana simu tena, wakataniana, lakini kila utani ulikuwa na mtu wa tatu amekaa kimya pembeni anausikiliza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula."

"Mbona sauti ndogo?"

"Naitunza kwa Jumamosi."

Jumamosi ikaja na mawingu. Ratiba alivaa gauni lile la njano kwa sababu lilikuwa la bahati, au kwa sababu Fundi alilipenda. Mwenyewe alishindwa kuamua. Habari zilikuwa zimeenea kwamba wimbo unarudi, na watu wakaja, hata wahudumu wa supamaketi wakiwa na fulana zao zenye nembo. Mashairi yakapita, sarakasi ikapita. Bendi ikapanda. Ratiba akapanda nayo, akasimama nyuma ya bega la Fundi, karibu kiasi cha kusikia kucha zake kwenye nyuzi.

Ubeti wa kwanza. Wa pili. Muuza kofia akavua kofia.

Gitaa likashuka. Vidole vya mchinjaji vikabaki. Zamu ya mwimbaji ikafika, na hakuna kilichoingia. Ratiba akapumua. Hakuna kitu, alijiambia, asante Mungu, hakuna kitu, na machozi ya furaha yakaanza kumjaa.

Ndipo ikaingia. Ilikuwa imechelewa, kama mtu aliyekuwa anahudumia mteja wa mwisho. Sauti nyembamba yenye mchanga kidogo, haikuwa nzuri kama alivyoiogopa. Ilikuwa sauti ya mtu tu. Haikuimba kwa huzuni. Iliimba kama mwanamke anayekunja nguo, na mahali fulani katikati ikakaribia kucheka. Maneno yote Ratiba hakuyashika, nywele za mikono zilikuwa zimemsimama na masikio yanavuma damu. Ng'ambo ya vichwa vya watu vilivyoinama kulikuwa na kichwa kimoja kilichoinuka. Mama Mizani alikuwa anamtazama usoni, na aliona.

Fundi alikuwa amefumba macho. Shingo yake ilikuwa imenyooka kuelekea maiki kama ya mtu anayesikiliza kupitia ukuta. Kila mshipa wake ulikuwa unaomba.

Sauti ikamaliza. Muuza kofia akarudi, wimbo ukaisha, makofi yakapasua bati. Fundi akageuka. Hakungoja hata kushuka.

"Haya," alisema. "Umesikia nini?"

Msomaji, usimhukumu haraka. Mwanamke yule alikuwa na ulimi wa kweli. Aliwahi kumwambia bibi harusi mbele ya mama yake kwamba gauni halimfai. Alimwangalia Fundi. Aliona miaka mingine ya kusimama pale na shingo imenyooka. Aliona mvi zikimkuta pale. Aliona pia, tuseme ukweli wote, nyumba aliyoitaka na mwanamume aliyemtaka, na neno moja lililosimama kati yao.

"Hakuna kitu," alisema. "Nimesikia gitaa lako."

Fundi akaganda. Kisha mabega yake yakashuka, polepole, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo na mwenzake. Akalia, na Ratiba akamshika, na bendi ikajifanya inakusanya nyaya.

"Nilijua," Fundi alisema begani kwake. "Nilijua masikio yangu ni mazima. Nioe, Ratiba."

"Mimi ndiye nikuoe?"

"Mimi nikuoe. Wewe unioe. Panga utakavyo, si kazi yako?"

"Kwa mdomo huo, nitakuweka baada ya sarakasi."

Mama Mizani alingoja mpaka Fundi ameenda kurudisha gitaa kibandani. Akaja akakaa kwenye jukwaa, likalia.

"Umemsikia."

"Nimemsikia, mama."

"Na yeye?"

"Nimemwambia hakuna kitu."

Mama Mizani aliangalia mikono yake mikubwa, yenye vumbi la mchele.

"Asemaye hakuna kitu hawezi kuja kusema kipo. Utakuwa nalo peke yako. Usiku wa kugombana usilitoe. Siku ya kufa usilitoe."

"Silitoi."

"Basi karibu sokoni, mwanangu," alisema mama, akamvuta kifuani.

Walifunga ndoa bila makeke, na safari hiyo Ratiba alikuwa mgeni katika shughuli yake mwenyewe, ingawa alionekana akimwonyesha mpishi saa. Fundi alinenepa. Alianza kupiga miluzi. Watu walipomwambia, Fundi, leo mkeo kaimba, aliwapigapiga bega akacheka, "Mke wangu yule pale, na hajui kuimba." Hakuukataza ubeti ule. "Waache na faraja yao," alimwambia Ratiba walipokuwa wanakunywa chai. "Mimi nimepona."

"Umepona, mume wangu," Ratiba alisema.

Soko lilipona pia, kadiri masoko yanavyoweza kupona, na kila Jumamosi mchana shughuli ilifungwa kwa wimbo uleule. Fundi sasa aliutumia ubeti wa tatu kukaza uzi uliolegea, akimkonyeza mkewe. Ratiba alisimama pembeni mwa jukwaa na karatasi zake. Hakuna aliyekuwa anamtazama, maana vichwa vyote vilikuwa chini.

Na ile sauti ikaja, imechelewa, yenye mchanga kidogo. Ilifika katikati, pale ambapo hukaribia kucheka, na Ratiba akagundua kwamba siku zote ilikuwa inaacha nafasi ya kuitikiwa, na kwamba hapakuwa na mtu anayeitikia, kwa heshima, au kwa hofu. Mume wake alikuwa ameinamia gitaa, ana furaha, hasikii kitu. Basi akafungua mdomo, akaitikia kwa sauti ya chini, ili mwenzake asiimbe peke yake.